Tuulize Kabla ya Kufungua Kinywa

Baada ya swala ya alasiri, mama mmoja wa hapa Ruhuwiko aliijia kamati yetu ya msikiti akiuliza: ampeleke mwanawe kwa mng'oa meno wa mtaani, ambaye bei yake ni nafuu? Tukamwomba kwanza aulize vyombo husafishwa vipi. Alirudi na jibu: kwa maji moto na sabuni.

Hayo hayatoshi. Koleo lenye mabaki ya damu huweza kumwambukiza mgonjwa anayefuata homa ya ini aina ya B, hata virusi vya UKIMWI. Sharti lisuguliwe, kisha litiwe katika mtungi wa mvuke wenye shinikizo, kwa nyuzi joto 121, dakika zisizopungua 15. Glavu hubadilishwa kwa kila mgonjwa, na sindano mpya hufunguliwa mbele ya macho yake.

Ndugu zetu, kuuliza si utovu wa adabu. Tuulize pia kama mtoa huduma amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Dini iliyotufunza mswaki na udhu haituruhusu kuidharau amana ya mwili.

Mama yule alisubiri hadi asubuhi, akampeleka mwanawe hospitali ya mkoa, mjini Songea.