Shehena ya Sauti za Wabajuni

Tangu vita vya Somalia vya mwaka 1991 vilipowatawanya Wabajuni kutoka Kismayu na visiwa vya Koyama, Chovai na Chula, wengine wakakimbilia Mombasa na wengine wakafika hata Uingereza, kumbukumbu zao nazo zimetawanyika vivyo hivyo: bibi ahadithia kwa Kibajuni mbele ya simu kule Kismayu, harusi ya zamani imo ndani ya kanda ya VHS Mombasa, na mjukuu aliyeko London amepelekewa sauti ya babu yake kwa WhatsApp. Atakaye kuviunga vipande hivi viwe filamu moja, kabla hajakata hata picha moja, huenda akaona programu ya kuhariri inavikataa.

Hapo wengi hudhani faili imeharibika, wakaifuta, nayo ni hasara isiyo na fidia, kwani aghalabu faili ni nzima. Herufi zifuatazo jina lake, MP4, MOV au AVI, ni jina la jahazi tu. Shehena iliyomo, yaani namna picha na sauti zilivyofinywa, ni jambo jingine, na mafundi huiita kodeki. Majahazi mawili ya MP4 yaweza kutia nanga pamoja, moja limepakia H.264 ya mwaka 2003, ifahamikayo na takriban kila programu, na la pili H.265 ya mwaka 2013, ambayo iPhone nyingi hurekodi kwayo na kompyuta kongwe haiijui aslani, ikatoa sauti na kiza.

Basi faili ifunguliwe kwanza kwa VLC, programu ya bure isomayo karibu kila kitu, nayo itaeleza kodeki iliyomo. Kisha HandBrake, ya bure pia, igeuze video kuwa MP4 yenye H.264. Hapo hapo ichaguliwe idadi ya picha kwa sekunde isiyobadilika, maana simu hurekodi mara kwa kasi hii mara kwa ile, na mdomo wa msimuliaji huishia kuachana na sauti yake. Kanda ya VHS haina njia ya mkato: huchezwa yote ikirekodiwa na kompyuta, na ya saa 3 itachukua saa 3.

Fauka ya hayo, programu nyingi za kuhariri haziichukui faili yenyewe, bali huandika mahali ilipo. Ukiingiza kutoka kwenye flashi kisha ukaichomoa, kazi ya siku nzima hubaki fremu tupu. Kwa hiyo kila kipande kinakiliwe kwanza katika folda moja ndani ya kompyuta, kiandikwe jina la msimuliaji na kisiwa chake. Na jamaa wa Kismayu aambiwe aitume video kama hati, si kama video ya kawaida, kwani WhatsApp huifinya. Na kila kufinywa kwa namna hiyo huondoa kitu kisichorudi, ndiyo sababu faili ya asili haifutwi hata baada ya kugeuzwa.