Nilimnunua Mama?

Katika insha niliandika kwa haraka: "Nilimnunua mama mahamri pale Kengeleni." Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu hakucheka. "Frere Town hii walipewa makao watu waliookolewa utumwani tangu 1875, nawe wamnunua mamako?"

Niliruka silabi moja tu, "li". Sahihi ni "nilimnunulia". Mahamri ndiyo kipozi, kitu kilichonunuliwa. Mama ni kitondo, aliyenunuliwa kitu.

Kiingereza hakina "li" hiyo. Chategemea mpangilio: "I bought mother mahamri", mama kwanza. Ukimweka mwisho, sharti utie "for". Sisi twaweza kugeuza, "Mahamri nilimnunulia mama", na mama bado yuko salama kwake nyumbani.