Kabla Hujampulizia Mende Mweusi Shambani, Mtazame Kiuno

Leo naanza na kosa langu mwenyewe, maana naona msimu wa bustani umefika na simu zimeanza kuita.

Misimu miwili iliyopita kijana mmoja wa kata yangu alinipigia saa moja asubuhi. "Shikamoo bwana shamba. Miche yangu ya kabichi inakatwa usiku, na mwizi nimemkamata. Ni mende weusi, wamejaa chini ya matandazo." Akanitumia picha kwa WhatsApp. Picha yenyewe ilikuwa na ukungu, ila weusi ulionekana, miguu ilionekana, na mche uliokatwa ulikuwa pembeni. Nilikuwa njiani kwenda kwenye kikao. Nikamjibu: puliza.

Akapuliza nusu eka nzima kwa dawa inayoua kila kinachotambaa. Kesho yake mende walikuwa wamelala chali kila tuta. Lakini miche ikaendelea kukatwa, siku ya pili, ya tatu, ya nne. Siku ya tano nikapanda bodaboda nikaenda mwenyewe. Nikafukua kwa kidole pembeni ya mche uliokatwa usiku ule, kina cha sentimita tatu hivi, nikamkuta amejikunja kama pete: sota, mnene, wa rangi ya udongo. Wale mende waliokuwa wanazunguka pale kwenye miche walikuwa wamefuata chakula, na chakula chao ni huyo sota. Yaani tuliwaua askari, mwizi tukamwacha kitandani.

Kijana alirudishia miche mara mbili. Kabichi zikakomaa kwa awamu tatu, na mwenye lori akachukua zile za awamu ya kwanza tu. Anayelima kwa biashara anajua hiyo maana yake nini.

Sasa tuongee juu ya huyu mende. Mtaani kila kitu cheusi chenye miguu sita ni "mende", hata kombamwiko wa jikoni naye ni mende. Vitabuni huyu wa shambani anaitwa mbawakawa wa ardhini, familia ya Carabidae, na aina zake duniani zinakaribia 40,000. Wengi wao huwinda usiku na kula viwavi, funza, mayai ya wadudu na konokono. Shida ni kwamba anaishi pamoja na wengine weusi wanaofanana naye, na wale kweli wanakula mazao. Rangi haitakusaidia. Umbo ndilo linalosema.

Anza na kiuno. Mtazame kwa juu. Mwindaji ana sehemu tatu unazoziona wazi: kichwa kinachochomoza mbele na taya zinazoonekana, kifua chembamba kuliko mgongo, halafu mabawa magumu ya mgongoni. Kati ya kifua na mabawa pamebanwa. Miguu yake ni mirefu na myembamba, na ukifunua jani hakusubiri, anatimua mbio.

Yule wa rangi ya vumbi anayetafuna shina la mche pale linapogusa udongo, wa jamii ya Gonocephalum, hana kiuno cha namna hiyo. Kifua chake kina upana karibu sawa na mgongo, kwa hiyo ukimtazama juu ni kama yai moja refu lililochongwa. Anatembea taratibu, na mara nyingi mgongo wake umeganda udongo. Wa tatu ni mbawakawa mweusi wa mahindi, Heteronychus. Huyu ni mnene, wa mviringo, miguu ya mbele ina meno kama reki kwa ajili ya kuchimba, na vipapasio vyake vinaishia na kirungu kidogo kinachofunguka kama feni. Wa mwindaji ni kama uzi tu, mwanzo hadi mwisho.

Ukibaki na shaka, mgeuze chali. Hapa ndipo penye uhakika, na ndiyo picha ambayo watu hawanitumii kamwe. Kwenye mzizi wa mguu wa nyuma wa Carabidae kuna kipande kilichovimba kama punje ya haragwe, kimelalia paja kwa ndani. Halafu hesabu pingili za wayo: mwindaji ana tano kwenye kila mguu, wakati yule wa vumbi miguu ya nyuma ina nne. Lenzi ya bei nafuu inatosha, na kamera ya simu ukikuza picha nayo inatosha.

Ndani ya familia hiyo hiyo ya wawindaji, umbo linaendelea kusema kazi ya kila mmoja. Calosoma ana mgongo mpana karibu wa mstatili na kifua kidogo. Huyu anapanda hata juu ya mmea kufuata viwavi, na usiku utamkuta amefuata taa ya nyumbani. Tefflus ni mkubwa, mweusi tii, mgongo una matuta ya kushuka chini, na kichwa kimerefuka mbele. Huyo ni mla konokono, na miaka ya 1950 jamaa zake walichukuliwa Afrika Mashariki wakapelekwa Hawaii kupambana na konokono wakubwa walioingia kule. Aliyekatwa mabawa mafupi kama kwa mkasi, ncha ya tumbo ikabaki nje, huyo ni Pheropsophus. Msimshike kwa mkono jamani. Anafyatua kemikali ya moto inayokaribia kuchemka, na utasikia mlio kabisa. Anthia naye, yule mkubwa mwenye madoa meupe, anarusha tindikali. Ikiingia jichoni utanikumbuka.

Kuna mfano wa Japani ninaoupenda sana. Kule wana mbawakawa mmoja mla konokono, Carabus blaptoides. Wa kisiwa cha Sado ana kichwa kipana na mwili wa kujazia, anavunja gamba la konokono kwa taya. Wa kisiwa cha Awashima ni mwembamba, kichwa na shingo ndefu, anaingiza kichwa ndani ya gamba na kula humo humo. Ni spishi moja! Kwa hiyo watafiti hawaishii kutazama kwa macho: wanapiga picha, wanaweka nukta kwenye kona zilezile za kifua na kichwa kwa kila mdudu, kompyuta inalinganisha maumbo. Na kwa ndugu wa karibu sana hata hiyo haitoshi, wanamfungua dume tumbo na kutazama umbo la kiungo chake cha uzazi. Wewe mkulima huhitaji kufika huko. Ukijua huyu ni mwindaji na yule ni mtafunaji, umeshaokoa hela ya dawa.

Kwa hiyo ukitaka nikusaidie kwa simu, usinitumie tena picha moja yenye ukungu. Mtie mdudu kwenye chupa yenye mfuniko, iweke kwenye friji au mahali pa baridi dakika chache atulie. Piga ya juu, ya ubavuni na ya chali, na weka sarafu ya shilingi 200 pembeni nijue ukubwa. Niambie pia umemkuta wapi na amekuwa akifanya nini.

Kujua wako wangapi, chukua kopo la plastiki, lifukie mdomo wake uwe sawa na ardhi, liezeke kwa kibao kilichoinuliwa kidogo mvua isiingie. Weka manne au matano shambani jioni, uyakague alfajiri. Usichelewe, maana wanakulana humo ndani. Saa nne unaweza kukuta mmoja ameshiba na miguu ya wenzake. Ukiona wengi wenye kiuno na miche bado inakatwa, fukua pembeni ya miche iliyokatwa asubuhi hiyo hiyo, umtoe sota kwa mkono. Ukilazimika kupiga dawa, piga jioni kwenye mashina yaliyoathirika tu, kwa kipimo cha kwenye lebo, na uache ukanda wa majani pembezoni mwa shamba ambako hupulizi chochote. Magugu yatoe wiki mbili au tatu kabla ya kupanda, maana sota hukulia humo.

Yule kijana wa kabichi bado analima, safari hii eka nzima. Jumanne alinitumia picha tatu, ya mwisho ikiwa ya chali, na sarafu pembeni. "Huyu ana haragwe, bwana shamba. Nimemrudisha."