Daktari Aliyechora Uwanja wa Augusta Akafa Bila Kulipwa Doh Yake Yote

Kama umewahi kupita Kiambu Road ukacheki nyasi za klabu ya Muthaiga zimelala kama kapeti, labda ulidhani ziliota tu hivyo. Zii. Kila uwanja wa gofu kuna msee alikaa chini na kalamu akaamua kilima kikae wapi, mchanga uwekwe wapi, na wewe uteseke wapi.

Mmoja wa wakali wa hiyo kazi anaitwa Alister MacKenzie. Yeye na bingwa Bobby Jones ndio walichora Augusta National kule Georgia, Marekani, pale Masters huchezwa kila Aprili.

Buda alikuwa daktari Muingereza, mzaliwa wa 1870. Alienda na jeshi la Uingereza Afrika Kusini, kwa vita na Makaburu. Huko akaona kitu: Makaburu walikuwa wachache lakini walisumbua jeshi kubwa, juu walijua kujificha. Mitaro yao ilifanana na ardhi ya kawaida, huwezi jua mtu yuko wapi. MacKenzie akabeba hilo somo, baadaye akaacha udaktari akaingia gofu.

Sasa cheki vile alilitumia. Kwa gofu kuna banka, yaani shimo la mchanga la kukuharibia siku. Wachoraji wengi wa zamani walichimba banka zilizonyooka kama kaburi. Za MacKenzie zilikuwa na kingo za kupinda pinda, unadhani ni upepo na mvua zilichimba. Ukiangalia kwa mbali unaona kama banka imeshikana na shimo lako, kumbe kuna nafasi kubwa katikati. Macho yanakudanganya, unapiga vibaya.

Lakini hakutaka kutesa watu bure. Mwaka wa 1920 alitoa kitabu chenye kanuni 13, na moja inasema mchezaji asipoteze wakati akitafuta mpira kwa nyasi. Augusta ilianza na banka 22 pekee na njia pana. Presha iko kwa kuamua. Chukua shimo la 13: kijito kinapita mbele ya bendera. Kama uko na roho ngumu, unapiga wa pili uvuke, ukikosea ni majini. Kama ni muoga, unasimama kabla ya maji halafu unavuka na wa tatu. Ni chaguo lako, usilaumu mtu.

Shida ilikuwa doh. Soko la hisa la Marekani lilikuwa limeanguka 1929, na klabu mpya haikupata wanachama wa kutosha. MacKenzie akakubali kupunguza malipo yake, na bado hakulipwa yote. Aliandika barua akiomba, akabaki kungoja. Mara ya mwisho kufika pale ilikuwa 1932, hata nyasi hazijapandwa.

Alifariki Januari 1934 huko California. Miezi miwili baadaye, Machi, mashindano ya kwanza yakachezwa na Horton Smith akashinda. Mwenye mchoro hakuwahi kuona uwanja wake umekamilika. Mwaka wa 2025 Rory McIlroy alishinda hapo hapo, akaenda home na dola milioni 4.2.

Mimi nimeshawahi kufanyia mtu kazi akaniambia "nitakutumia jioni." Hiyo jioni haijawahi fika. Kwa hivyo nikisoma stori ya huyu daktari, sioni mzungu wa gofu. Naona hasla mwenzangu, mwenye kipaji kikubwa kuliko wengi wetu, na bado aliambiwa angoje.

Ukiitwa kuchora, kupiga picha au kuandika, chukua dipoziti kwanza. Hao wengine watasifu kazi yako miaka 90 baadaye, lakini landlord anataka yake tarehe tano.