Maji yaliyomlaza Katharine Hepburn

Mkazi wa Sikonge aliyewahi kupanda treni Tabora kwenda Kigoma anaijua MV Liemba, angalau kwa jina. Meli hiyo iliundwa Ujerumani ikiitwa Graf von Götzen, na vipande vyake vilipita Tabora kwa reli. Mapambano ya Ziwa Tanganyika wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia ndiyo yaliyozaa hadithi ya The African Queen, filamu ya 1951 iliyomleta Katharine Hepburn Kongo na Uganda.

Alikuwa na miaka 44. Baba yake alikuwa daktari mpasuaji wa njia ya mkojo huko Hartford, Marekani, mama yake akipigania kura ya wanawake na uzazi wa mpango. Alishapata Oscar moja, lakini mwaka 1938 wenye kumbi za sinema walimtangaza kuwa anawafukuzia watazamaji.

Katika filamu hiyo aliigiza Rose, dada wa mmisionari, anayemwaga mtoni pombe yote ya nahodha. Nje ya kamera mambo yalifanana. Mwongozaji John Huston na mwigizaji mwenzake Humphrey Bogart walikunywa wiski kila siku. Hepburn, akiwakereka, akashikilia maji. Akapatwa na kuhara damu, tena vibaya. Wakati wa kupiga picha ya kanisani, anapocheza kinanda, ndoo iliwekwa karibu yake, nje ya picha, maana alikuwa akitapika.

Wale wawili hawakuugua, na hadi leo kisa hiki husimuliwa kama sifa ya wiski. Si kweli. Wiski haisafishi tumbo. Wao waliyakwepa tu maji yale. Binti wa daktari alidhani maji ni salama kwa sababu ni maji.

Alipona. Akapata Oscar tatu zaidi, jumla nne, akafariki 2003 akiwa na miaka 96.

Kuhara damu huletwa na bakteria au amiba kutoka kinyesi, na maji ya kisima yanaweza kuwa meupe kabisa na bado yamevibeba. Yachemshwe hadi yatokote, yahifadhiwe kwenye chombo chenye mfuniko. Mtoto anayehara damu apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo. Njiani aendelee kupewa ORS, na anayenyonya asiachishwe ziwa.