Hulka na Viowevu vya Mwili: Dhana za Kiayurveda na Msamiati wa Maradhi wa Kiswahili katika Muktadha wa Kwashemshi, Korogwe

Makala haya yanafafanua dhana za Kiayurveda kuhusu mwili, hulka na tabia, na kuzilinganisha na msamiati wa maradhi wa Kiswahili. Muktadha wake ni kata ya Kwashemshi, Wilaya ya Korogwe, mkoani Tanga. Katika eneo hilo Kisambaa, Kizigua na Kibondei hukutana na Kiswahili, na kilimo cha mkonge, kilicholetwa pwani ya Tanga mwaka 1893, kilivuta vibarua kutoka mbali. Kwa hiyo maradhi hujadiliwa mara nyingi kwa Kiswahili. Hoja kuu ni kwamba msamiati huo unafanana na Ayurveda bila kutokana nayo, na kwamba asiyetenganisha mambo hayo mawili hukosea maana ya maneno ya mgonjwa.

Ayurveda, kama inavyoelezwa katika Charaka Samhita na Sushruta Samhita, huuona mwili kuwa umeundwa kwa asili tano: anga, upepo, moto, maji na ardhi. Asili hizo huzaa nguvu tatu. Vata ni ya upepo, kavu na nyepesi. Pitta ni ya moto, kali na yenye joto. Kapha ni ya maji na ardhi, nzito na tulivu. Uwiano wa nguvu hizo anaozaliwa nao mtu huitwa prakriti, nao hueleza umbile pamoja na tabia. Mwenye vata nyingi husemwa kuwa mwepesi wa wasiwasi, mwenye pitta kuwa mwepesi wa hasira, na mwenye kapha kuwa mpole na mzito wa kubadilika. Ugonjwa ni kuvurugika kwa uwiano huo.

Kiswahili kinayo maneno yanayokaribia dhana hizo. Hulka ni tabia ya kuzaliwa nayo, hivyo linakaribia prakriti. Baridi yabisi, jina la maradhi ya viungo, limeundwa kwa sifa mbili, ubaridi na ukavu. Balghamu ni makohozi. Safura ni ugonjwa wa kuishiwa damu unaohusishwa na minyoo, lakini asili ya neno ni jina la Kiarabu la nyongo ya manjano. Hata uhusiano ulioharibika husemwa kuwa umetumbukia nyongo.

Hata hivyo, maneno hayo yana nasaba nyingine. Baadhi yake yanatokana na tiba ya Kiyunani iliyoendelezwa kwa Kiarabu, hasa katika Kanuni ya Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037. Tiba hiyo huhesabu viowevu vinne, yaani damu, balghamu, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi, na sifa nne: joto, ubaridi, ukavu na unyevu. Mapokeo hayo mawili yalifahamiana mapema. Al-Tabari aliingiza muhtasari wa tiba ya Kihindi katika kitabu alichokikamilisha mwaka 850. Kufahamiana huko hakufanyi hesabu ya tatu kuwa hesabu ya nne.

Tofauti hiyo ina uzito wa kiutendaji. Kwanza, mgonjwa anayesema ana safura huenda anamaanisha weupe wa viganja, uvimbe au uchovu. Tabibu akisikia minyoo pekee, sababu nyingine ya upungufu wa damu, kama malaria, yaweza kupita bila kuchunguzwa. Pili, Sheria Na. 23 ya mwaka 2002 inataja tiba asili na tiba mbadala kwa majina mawili. Kuyaita maarifa ya waganga wa Korogwe kuwa ni Ayurveda, kwa kufanana tu, ni kuyahamisha kutoka kundi la kwanza hadi la pili na kuwanyima wenyewe umiliki wake.

Kwa hiyo mtafiti wa Kwashemshi hana budi kuanza na maelezo ya mgonjwa kuhusu anachokihisi, kisha neno analolitumia, ndipo afikie nasaba ya neno hilo. Ulinganishi na Ayurveda una manufaa ukija mwisho, kama kioo cha kutazamia mfumo wa wenyeji, si kama jina lake.