Matonge: Meza ya Kongo mjini Brussels

Mjini Brussels, mwendo mfupi kwa miguu kutoka Bunge la Ulaya, upo mtaa wa Matonge katika manispaa ya Ixelles. Jina lake limetokana na mtaa mashuhuri wa Kinshasa.

Chimbuko lake ni wanafunzi. Kongo ilijipatia uhuru Juni 30, 1960, na miaka hiyohiyo likafunguliwa huko bweni la wanafunzi Wakongo, Maison Africaine, yaani Nyumba ya Afrika. Baadaye zikafuata baa, maduka na mikahawa.

Katika mikahawa hiyo mteja huletewa moambe, yaani kuku wa mchuzi wa chikichi. Liboke, samaki aliyefungwa majanini akaivishwa motoni. Au mbuzi wa kuchoma kwa chikwangue ya muhogo. Atokaye Bukavu huikuta sombe yake, ambayo mtu wa Kinshasa huiita pondu na Mtanzania kisamvu.

Hata hivyo, Wakongo wengi wa Brussels hawaishi Matonge. Huja kula, kusuka nywele na kupata habari za nyumbani. Kwa hiyo mikahawa ndiyo inayowakutanisha, nayo inakabiliwa na kodi za pango zilizopanda kadiri eneo hilo linavyowavutia wakazi wenye kipato kikubwa.

Juni 30, 2018, uwanja ulio mlangoni mwa mtaa huo ulipewa jina la Patrice Lumumba. Kibao kitabaki, lakini Matonge itaendelea kuwa baraza la Waafrika iwapo tu wapishi wake wataimudu kodi.